Maili nyingi, watu wachache: kwa nini wahusika wa On the Road wananichosha

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimemaliza kwa mara ya pili kuisoma On the Road, riwaya ya Jack Kerouac iliyochapishwa Marekani na Viking Press mwezi Septemba 1957, na safari hii sitanyamaza kama nilivyonyamaza mara ya kwanza, nilipodhani kwamba kasoro ilikuwa katika Kiingereza changu. Nilipokuwa kijana ilinibeba kwa kasi yake, nikaifunga nikiwa na hamu ya kupanga mkoba. Sasa nimeisoma nikiwa mtu mzima mwenye madeni na watoto, na kasi ile ile imeniacha na swali ambalo sikulijua wakati ule: watu hawa ni akina nani?

Kwa faida ya ambao hawajaisoma, msimulizi ni Sal Paradise, mwandishi kijana anayeishi kwa shangazi yake mjini Paterson, New Jersey. Kuanzia mwaka 1947 anavuka Marekani mara kadhaa, kwanza kwa kuomba lifti na kupanda mabasi, kisha katika magari yanayoendeshwa na rafiki yake Dean Moriarty, mpaka safari ya mwisho inawafikisha Mexico City. Karibu kila mhusika ana mtu halisi nyuma yake, na jambo hilo halijawahi kuwa siri: Sal ni Kerouac mwenyewe, Dean ni Neal Cassady, Carlo Marx ni mshairi Allen Ginsberg, na Old Bull Lee ni mwandishi William Burroughs. Mwandishi hakulazimika kubuni watu. Alikuwa nao, wa ajabu kuliko ambao wengi wetu tungeweza kuwabuni, na ndiyo maana nashangaa ilikuwaje wakatoka katika kurasa zake wakiwa wembamba namna ile.

Mchukueni Dean. Tunaambiwa kwamba ujana wake aliugawa mafungu matatu: theluthi moja kwenye ukumbi wa kuchezea pool, theluthi moja gerezani, na theluthi moja katika maktaba ya umma. Ni sentensi tamu, na nilipoisoma mara ya kwanza niliipigia mstari. Ila baada ya hapo hatumwoni Dean akisoma kitabu kwa namna inayotuonyesha kimemfanya nini, wala hatusikii gereza limemwachia hofu gani. Tunachopewa ni jasho lake, mikono yake inayopiga dashibodi, na maneno yake ya kukubali kila kitu yakirudiwa ukurasa baada ya ukurasa. Anapopewa Cadillac ya mtu aipeleke Chicago, Sal anatupigia hesabu kamili: maili 1,180 kutoka Denver kwa saa 17 za mwendo, baada ya kutoa saa walizopoteza mtaroni, shambani kwa rafiki yao na mikononi mwa polisi wa Iowa, yaani wastani wa takriban maili 70 kwa saa. Sijawahi kuona msimulizi akilihesabia gari haki yake kwa uangalifu namna hiyo. Lakini kuhusu ndoa za rafiki yake huyo huyo, anatupa hesabu nyingine kwa pumzi moja, kwamba Dean sasa ameoa mara tatu, ameachana mara mbili, na anaishi na mke wake wa pili, kisha anaendelea na safari. Nilicheka. Baadaye nilijiuliza Camille, huyo mke wa pili aliyekwisha kumzalia watoto, alisema nini siku mume alipoingia mlangoni akitokea kwenye harusi ya tatu, na kitabu hakina jibu kwa sababu msimulizi hakuwahi kutaka kujua.

Wanawake ndio wanaolipa zaidi. Galatea Dunkel anaolewa na Ed, rafiki wa Dean, na pesa zake zinachangia gharama za gari, lakini anapolalamika kwamba amechoka na kuzimaliza pesa hizo kwa kulala motelini, Ed na Dean wanamtoroka katika ukumbi wa hoteli mjini Tucson, huyo akiwa bado bibi harusi mpya. Tukio hili linasimuliwa kwa sentensi chache, kwa sauti ile ile ambayo ingetumika kusimulia pancha. Marylou, mke wa kwanza wa Dean, anaelezwa nywele zake na macho yake. Jane, mke wa Old Bull Lee, tunaambiwa kwamba anampenda mumewe kupita kiasi, basi, tumemaliza.

Na msimulizi mwenyewe je? Ukurasa wa kwanza kabisa anasema alikuwa ametoka kuumwa sana, ugonjwa ambao hatajisumbua kuuzungumzia, ila tu kwamba ulihusiana na kuachana kwake na mkewe na hisia yake kwamba kila kitu kimekufa. Hatajisumbua! Mke huyo hatajwi jina. Nilipokuwa kijana niliona ni ujasiri wa kiume. Leo naona kwamba mtu huyu alitutahadharisha tangu mlangoni, nasi hatukusikia.

Naomba tujadiliane. Wenzangu mlioipenda, mliwapenda watu wa kitabuni, au mliipenda barabara?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe, ingawa nakiri kwamba umeipangilia hoja yako vizuri. Unaihukumu kazi hii kwa sheria za nyumba nyingine. Kuna riwaya ambazo mhusika huingia akiwa mjinga akatoka akiwa na busara, na mwalimu akatuuliza kwenye mtihani amebadilika vipi. Kuna nyingine, na ni kongwe kuliko hizo, ambamo mhusika hupita mji hadi mji, tukio hadi tukio, na kazi yake ni kutuonyesha nchi. Huyo hahitaji kukua, anahitaji kusogea. Sal anatuonyesha vibarua wa nyuma ya lori kule Nebraska na Wyoming, wazee walevi wa Larimer Street mjini Denver, na wapiga saksofoni wa San Francisco, katika Marekani ya miaka michache tu baada ya vita. Hiyo ndiyo picha, na Dean ni injini yake.

Pili, usisahau namna kilivyoandikwa. Aprili 1951 Kerouac aliunganisha karatasi zikawa gombo moja la takriban mita 36, akalitia kwenye mashine ya taipu ili asikatizwe na kubadilisha kurasa, akaandika kwa wiki tatu bila kugawa aya. Alitaka nathari yenye pumzi ya jazi. Mpiga ngoma hatuulizi kwa nini hakusimama katikati ya wimbo kutueleza utoto wake. Mwandishi Truman Capote alikejeli kwamba huko si kuandika bali ni kupiga taipu, na naona nawe unakaribia kusimama upande wake, jambo ambalo sikulitarajia kwa msomaji wa kiwango chako.

Mwanzisha uzi

Ahsante, ndugu yangu, kwa kunipinga kwa adabu. Hoja ya kwanza nitaikubali nusu. Hata katika riwaya za mzururaji mhusika anayekutana naye njiani huachiwa nafasi ya kusema lake, na mara nyingi yeye ndiye hubaki kichwani mwa msomaji kuliko mzururaji mwenyewe. Hapa wanaopewa nafasi hiyo ni wachache mno.

Hoja ya gombo ndiyo ninayoipinga kabisa, kwa sababu hadithi ya wiki tatu imegeuzwa kuwa kinga ya kila udhaifu. Kerouac alianza kuhangaika na kitabu hiki tangu 1948, akaandika rasimu kadhaa kabla ya gombo, na baada ya gombo ilipita miaka 6 kabla kitabu hakijatoka. Katika miaka hiyo kilichapwa upya, kikakatwa, kikagawanywa katika sehemu tano, na majina halisi yakabadilishwa kwa kuogopa kesi. Mtu aliyekaa na maandishi yake muda wote huo hawezi kutetewa kwa kusema alikuwa na haraka.

Na kuna badiliko moja ambalo, tangu nilipoligundua, haliniachi. Gombo lenyewe lilichapishwa kama kitabu mwaka 2007, kwa hiyo kila mtu anaweza kulinganisha. Katika toleo la 1957, Sal anasema alikutana na Dean muda mfupi baada ya kuachana na mkewe. Katika gombo anasema ilikuwa muda mfupi baada ya kufiwa na baba yake. Leo Kerouac, baba wa mwandishi, alifariki mwaka 1946, na gombo linaanzia hapo, kwenye msiba. Sasa soma riwaya nzima ukijua hivyo. Dean anamtafuta baba yake, fundi bati mlevi aliyepotelea katika mitaa ya Denver, na Sal anajiunga katika utafutaji huo kwa ari ambayo toleo lililochapishwa haliielezi kamwe. Aya ya mwisho kabisa ya kitabu inamtaja huyo mzee, baba ambaye "sisi" hatukumpata. Kwa nini sisi? Katika gombo jibu liko sentensi ya kwanza: wote wawili hawana baba. Katika kitabu tunachokinunua dukani, jibu limefutwa na mahali pake pamewekwa mke asiye na jina.

Kwa hiyo manung'uniko yangu, ndugu, si kwamba Kerouac hakuweza. Aliweza, na ushahidi upo ndani ya kitabu hicho hicho. Someni kurasa za Terry, mwanamke mwenye asili ya Meksiko ambaye Sal anakutana naye kwenye basi la kwenda Los Angeles. Usiku wa kwanza hotelini kila mmoja anamwogopa mwenzake: yeye anadhani Sal ni kuwadi, Sal anadhani yeye ni mwanamke wa mtego. Siku chache baadaye wako katika hema, wanachuma pamba kwa dola 3 kwa kila pauni 100, na Sal, msomi wetu, anashindwa kasi na Terry na mwanawe mdogo. Anaumwa mgongo, vidole vinatoka damu, anahesabu senti za chakula cha jioni. Kwa siku hizo Terry ana ndugu, ana wazazi anaowaogopa, ana mume aliyekuwa akimpiga, ana hasira, ana ucheshi. Ni mtu. Kisha Oktoba inaingia, baridi inaanza, Sal anaandika nyumbani atumiwe pesa, wanaagana kwa ahadi ya New York ambayo wote wawili wanajua haitatimia, na anaondoka kati ya mistari ya mizabibu. Hajamtaja tena kwa namna yoyote ya maana. Nilitaka kukirusha kitabu ukutani, na nilitaka kufanya hivyo kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimempenda mtu.

Mchangiaji wa pili

Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, kwa hiyo mnivumilie nikianza na istilahi. Ule mgawanyo wa wahusika bapa, wenye sura moja isiyobadilika, na wahusika duara, wenye sura nyingi na wanaobadilika, ambao kila mwanafunzi wetu huukariri ulitoka kwa mwandishi Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927, na yeye mwenyewe hakusema kwamba mhusika bapa ni kosa. Dean ni bapa, sawa, na ananitosha hivyo. Anayenisumbua ni Sal, kwa sababu anajidai kuwa duara. Kila mwisho wa safari anatuambia amechoka, amezeeka, ameelewa kitu, na safari inayofuata inaanza kana kwamba hakuna lililoeleweka.

Niongeze jambo dogo ambalo msomaji wa Kiswahili analiona haraka kuliko mwenye lugha yenyewe. Mwanzisha uzi ameandika kwamba Sal anaishi kwa shangazi yake, na mimi niliposoma nilisita hapo hapo. Shangazi, au mama mdogo, au mama mkubwa? Kiingereza kinayafunika yote kwa neno moja, na riwaya haijishughulishi kutupambanulia huyu mwanamke ni ndugu wa nani, wala kwa nini kijana aliyewahi kuoa anarudi kwake kila pesa zinapokwisha. Ukijua kwamba katika maisha halisi alikuwa mama mzazi wa Kerouac, aliyekuwa akifanya kazi ya kiwanda cha viatu huku mwanawe akizurura, unaelewa kwamba huyu naye amefichwa. Baba amefutwa, mama amegeuzwa ndugu wa ukoo usiojulikana. Ningepewa kazi ya kukitafsiri ningeandika "mama mdogo", kwa kuwa neno hilo angalau lina mama ndani yake, na nadhani ningekuwa mwaminifu kwa mwandishi kuliko alivyokuwa yeye mwenyewe.

Kuhusu Terry, mwanamke halisi aliitwa Bea Franco. Mwandishi Tim Z. Hernandez alimtafuta, akampata California akiwa bikizee wa miaka karibu 90, na hakuwa na habari kwamba yumo katika mojawapo ya vitabu mashuhuri vya nchi yake. Hernandez akaandika riwaya yake, Mañana Means Heaven, iliyotoka 2013, inayomfuata mwanamke huyo. Carolyn Cassady, ambaye ndiye Camille, yeye hakusubiri kutafutwa: alitoa kumbukumbu zake mwenyewe mwaka 1990. Mtaona kwamba vitabu vingine vimelazimika kuandikwa ili kuwajaza watu ambao hiki kimoja kiliwaacha vivuli.

Na tusiwasahau wasio na jina kabisa. Katika sehemu ya tatu Sal anatembea jioni katika mtaa wa watu weusi mjini Denver akitamani angekuwa mmoja wao, kwa kuwa anaona ulimwengu wa weupe haumpi furaha ya kutosha. Hazungumzi nao zaidi ya salamu. James Baldwin, mwandishi Mmarekani mweusi, aliikejeli aya hiyo, na alikuwa na kila sababu. Huwezi kutamani maisha ya mtu ambaye hukumuuliza ameshindaje.

Mchangiaji wa tatu

Nitakuwa mfupi. Mimi ninakipenda kitabu hiki na nadhani ninyi nyote mmepitwa na badiliko moja kubwa lililo wazi. Mnasema Dean hakui. Ni kweli hakui, anapungua. Linganisheni Dean wa sehemu ya kwanza, anayemwaga maneno usiku kucha na Carlo Marx wakiwa wameketi kitandani wakitazamana, na Dean wa sehemu ya tano, aliyevuka bara zima kuja New York na hawezi tena kuzungumza. Anarukaruka, anacheka, anapapasa hewa kwa mikono, sentensi zinakatika. Mtu ambaye mali yake yote ilikuwa ulimi amebaki hana hata huo. Mwataka ukuzaji gani wa mhusika zaidi ya huo? Ni kwamba umekwenda chini badala ya kwenda juu.

Halafu kuna lile tukio la Galatea huko San Francisco, ambalo mwanzisha uzi amelipita. Mwanamke yule aliyetelekezwa Tucson ndiye anayemkalisha Dean mbele ya watu, kidole gumba cha Dean kimefungwa bendeji na kimeoza, na kumwambia usoni kwamba hajali mtu yeyote isipokuwa nafsi yake na starehe zake. Hakuna anayemjibu. Pale Galatea si mwembamba hata kidogo.

Mwanzisha uzi

Ndugu mchangiaji wa tatu, umenishika, na nimerudi kitabuni kabla ya kukujibu. Kuhusu ulimi wa Dean umesema kweli, nami sikuwa nimeuona mteremko huo. Ninafuta kauli yangu kwamba Dean hana mwendo.

Ila tazama Sal anafanya nini katika tukio la Galatea. Mwanamke anasema ukweli wote, chumba kimenyamaza, na msimulizi anafanya haraka kumgeuza Dean kuwa mtakatifu wa wajinga, kumpandisha madhabahuni ili tusimtazame tena kama mume na baba. Ndipo nilipotambua kwamba hilo analifanya kila mara mtu anapokaribia kuonekana. Mexico City, Sal anaugua kuhara damu, homa imempanda hadi hajitambui, na Dean anamwacha kitandani akarudi zake kaskazini. Sal anapopata nafuu anaelewa kwamba rafiki yake ni mtu wa hovyo, kisha papo hapo anajiambia ni lazima aelewe ugumu wa maisha yake, na anaamua kwamba hatasema neno. Kitabu kimeanza na ugonjwa ambao hatajisumbua kuuzungumzia, na kinaelekea ukingoni na ugonjwa mwingine ambao juu yake hatasema neno. Kati ya ukimya huo wa pande mbili ndimo zilimo maili zote. Mchangiaji wa kwanza aliniambia mpiga ngoma haulizwi utoto wake. Sawa, lakini huyu ametuita tumsikilize, akaanza kwa kututajia jeraha, akalifunika, na kila alipopita karibu nalo akaongeza sauti ya ngoma.

Kwa hiyo nimebadilisha lalamiko langu kidogo. Nilipofungua uzi huu nilidhani Kerouac hakuwaona watu wake. Sasa nadhani aliwaona vizuri sana, na kila alipowaona aliingia garini.

Isipokuwa mara moja, na wanaoipenda riwaya hii wanajua ninakoelekea. Kurasa za mwisho, New York, baridi kali. Remi Boncoeur, rafiki wa Sal, ana tikiti za kumsikiliza mwanamuziki wa jazi Duke Ellington, wamepanda Cadillac, na hataki Dean aingie, japo anachoomba ni kusogezwa hadi mtaa wa 40. Dean anabaki pembeni ya barabara amevaa koti lililoliwa na nondo. Sal ameketi kiti cha nyuma na Laura, msichana ambaye tumemjua kwa kurasa chache tu, na anampungia mkono rafiki yake kupitia kioo. Kwa mara ya kwanza gari linaondoka na Dean hayumo. Anayekaribia kulia si Sal. Ni Laura, ambaye hajapata kupewa historia wala safari, na ndiye anayesema kwamba hawapaswi kumwacha aende hivyo, na kuuliza wafanye nini sasa. Sal anamwambia Dean atakuwa salama. Laura haongezi neno, na Cadillac linaendelea kwenda kwenye muziki.